Arobaini ya Bikira Maria

Fumbo lililonitoa jasho maishani si Utatu Mtakatifu. Hilo nililifundisha miaka mingi milimani Uluguru na hakuna aliyenibishia. Watu walisikiliza, wakatikisa vichwa, wakaenda kupalilia maharage yao. Lililonitoa jasho ni Noeli, na aliyenitoa jasho hilo ni mama yangu mzazi.

Wakati huo Wajerumani walikuwa wamekaa nchini hata watoto waliozaliwa wakiwapo walikuwa wameanza kuota ndevu. Garimoshi lilikuwa limeshafika Morogoro, na kutoka pale hadi misheni yetu mlimani ulikuwa mwendo wa siku nzima kwa miguu, kama mvua imekuhurumia. Mimi nilikuwa katekista. Nilikuwa na kengele, koti la kaki na majivuno. Koti lilikuwa la padre na lilinifika magotini. Majivuno yalikuwa yangu mwenyewe.

Mama alikuwa mmoja wa wanafunzi wangu wa dini, na sababu yake ya kutaka ubatizo lazima niieleze mapema, maana bila hiyo mambo mengine yote yataonekana ni wendawazimu mtupu. Miaka mitano nyuma alikuwa amejifungua mtoto wake wa mwisho, wa kike. Siku ya tatu mtoto akaacha kunyonya. Mimi nilikuwa bado mwanafunzi wa misheni, katekisimu imenijaa hadi kooni, nikaamua kwamba mdogo wangu hafi bila maji ya ubatizo. Nilimchukua mikononi mwa bibi, kitovu hakijadondoka, nikapanda naye mlima kwenye manyunyu. Padre akambatiza. Kesho yake akafa, akazikwa nyuma ya kanisa, kwa kuwa sasa alikuwa Mkristo. Wanawake wa kwetu walisema ameuawa na baridi na macho ya watu. Mama hakunilaumu hata siku moja. Afadhali angenilaumu.

Kwetu Waluguru mtoto ni wa mama. Ukoo, ambao twauita lukolo, hupita kwa mama, na mwenye sauti juu ya mtoto ni mjomba. Watu wa lukolo moja huzikwa pamoja. Sasa kule nyuma ya kanisa mtoto wetu alikuwa amelala na mafundi seremala na masista wa Ulaya, watu wasiojua hata bibi yake ni nani, na makaburi yale, yaliyozungushiwa ukuta wa mawe, yalikuwa ya waliobatizwa tu. Kaka yake mama, mkuu wa lukolo letu, akaitisha kikao. Ikaamuliwa kwamba mtu mzima wa ukoo lazima aende akalale karibu na yule mtoto. Nikasema mimi nimeshabatizwa, nitazikwa palepale. Mjomba akanitazama kuanzia kichwani hadi miguuni.

"Wewe utakufa lini?" akauliza. "Mtoto atakungoja wewe?"

Basi mama akateuliwa, kama anavyoteuliwa mtu wa kwenda kulinda shamba la mbali. Ukweli ni kwamba alikuwa ameshaamua kabla ya kikao. Kifua chake kilimwangusha kila masika, kila mwaka vibaya zaidi, na aliogopa kufa akiwa nje ya ule ukuta wa mawe.

Ubatizo ulikuwa na mtihani. Padre, Mjerumani mrefu mwenye ndevu nyekundu na subira fupi, aliuliza maswali mwenyewe. Mama alikuwa ameanguka mara mbili, na mara zote mbili kwa swali lilelile. Padre aliuliza, "Nani alimlea Bwana Yesu?" na mama akajibu, "Mjomba wake." Padre akasema hapana, ni Mtakatifu Yusufu. Mama akasema Yusufu ni mume wa mama yake, hilo analijua, lakini yeye ameulizwa nani alimlea. Nilikuwa nimesimama pembeni, naomba ardhi ipasuke.

Mtihani wa tatu ulipokaribia, mjomba akaja darasani mwenyewe. Hakuwa na nia ya kubatizwa. Alikuwa na wake wawili na hakuona aachane na yupi. Alikuja kuona ni kitu gani hiki kigumu kinachomshinda dada yake, aliyekuwa na akili kuliko wanaume wote wa bonde lile. Nikamwamkia shikamoo, akanijibu marahaba, akakaa mbele kabisa, fimbo katikati ya magoti.

Siku ile somo lilikuwa kuzaliwa kwa Bwana. Padre alikuwa amenionya kwamba hapa ndipo penye ugumu, kwamba hata huko Ulaya wako watu waliosoma wanaokwama hapa, nami nilikesha nikijiandaa. Nikajikohoza. Nikasema Maria alikuwa bikira. Nikasema alichukua mimba kwa uwezo wa Roho Mtakatifu. Nikasema, kwa sauti niliyoitunza kwa ajili ya sentensi hiyo, kwamba mtoto huyu hakuwa na baba wa kimwili hapa duniani. Nikanyamaza ningoje ghasia.

"Sawa," akasema mjomba. "Mtoto ni wa mama. Endelea."

Nikaendelea. Nikasimulia jinsi mfalme mkuu alivyotaka watu wote wahesabiwe, kila mtu kwao, na jinsi Yusufu alivyoondoka na Maria mwenye mimba ya kujifungua wakati wowote. Hapo mjomba akainua fimbo.

"Simama hapo. Alimtoa kwa mama yake?"

"Ndiyo, mjomba."

"Mimba ya kwanza?"

"Ya kwanza."

Wanawake wote darasani wakavuta pumzi. Kwetu mimba ya kwanza huzaliwa nyumbani kwa mama wa msichana, na mume hukaa mbali akilima shamba la wakwe na kuomba Mungu asiitwe. "Akida alipotuita tukahesabiwe," mjomba akasema, "mke wangu mdogo alikuwa mzito. Nilimburuta mpaka bomani? Nilikwenda mwenyewe, nikamwambia akida tuko watu kadhaa, akaandika. Huyu Yusufu hakuweza kwenda mwenyewe akasema tuko wawili na nusu?"

Nikasema yalikuwa mapenzi ya Mungu. Hakunisikia. Alikuwa ameshafungua kesi.

"Haya, wakafika kwao mwanamume. Wakalala wapi?"

"Zizini," nikasema. "Hapakuwa na nafasi."

"Kwao? Mahali alikozaliwa? Hakuna hata shangazi mmoja wa kumfungulia mlango?" Akawageukia watu. "Husema mwenda kwao si mtumwa. Huyu kaenda kwao akalala na ng'ombe. Na mkunga alikuwa nani?"

"Palikuwa na malaika, mjomba."

"Malaika ni wanawake?"

"Ni roho tu. Hawana mwili."

"Basi hapakuwa na mkunga," akasema mjomba, akashusha fimbo.

Nilipofika kwa wachungaji walioingia kumwona mtoto usiku uleule wa kuzaliwa, na harufu zao za mbuzi, bibi mmoja akatoka nje. Nilipofika kwa mamajusi, wageni wa mbali wasiojulikana hata wamepita kwenye maradhi gani njiani, mama akajifunika uso kwa kaniki yake. Mjomba akatoa hukumu kwamba Yusufu ana makosa manne na kwamba wajomba wa Maria wangemtoza mbuzi. Kisha akaniuliza walikuwa wapi hao wajomba siku zote hizo, nami nikapiga kengele ya kumaliza somo.

Mwaka ule ndipo zilipokuja sanamu. Mfadhili fulani wa Ulaya alituma kreti la sanamu za plasta, likasafiri kwa meli hadi Dar es Salaam, kwa garimoshi hadi Morogoro, na kwa vichwa vya wapagazi wanne hadi kwetu. Ng'ombe alifika amevunjika pembe. Punda alifika mzima na hakuna aliyemtambua. Maria alikuwa na shuka la buluu, Yusufu alikuwa na fimbo yenye ua, na mtoto alikuwa wa rangi ya waridi, nywele za manjano, uchi kabisa isipokuwa kitambaa kiunoni. Mchana wa kuamkia Noeli padre alijenga pango kwa magogo na majani ya migomba karibu na mlango wa kanisa, mahali penye upepo wote wa bonde, akawapanga. Watu wakafika kwa makundi. Waliingia, wakanyoosha vidole, wakamsogelea mtoto mpaka puani.

Mama alisimama pale muda mrefu. Nilidhani anasali, nikajisifu moyoni kama mwalimu.

Asubuhi ya Noeli nilifika na kengele yangu nikakuta padre amesimama mbele ya pango, mikono kiunoni, ndevu zinamtetemeka. Ng'ombe alikuwapo. Punda alikuwapo. Yusufu alikuwapo. Maria na mtoto hawakuwapo. Na mikononi mwa Yusufu ile fimbo ya ua ilikuwa imeondolewa, amewekewa jembe. Hilo la jembe sikuhitaji kuuliza. Ilikuwa kazi ya watani wetu, wale wa ukoo ambao twataniana nao misibani na arusini. Walipoona mume kaachwa peke yake wamempa kazi inayomfaa, akalime kwa mkwewe.

"Umewafundisha nini hawa watu miaka mitatu?" padre akaniuliza. Nilitamani kumjibu kwamba tatizo ni kuwa wamefundishika.

Maria na mtoto hawakuwa wamefichwa. Kila mtu alijua walipo, na kila aliyeulizwa alielekeza kwa kidevu. Walikuwa nyumbani kwa mama, chumba cha ndani, moto umekokwa, mlango umefungwa. Mama mwenyewe ndiye aliyewachukua, akisaidiwa na wanawake wawili, mchana kweupe kabla jua halijazama, padre akiwa anakula, na usiku ule padre hakupita tena pangoni. Walimbeba Maria kwa mkeka kama wanavyombeba mgonjwa.

Padre alikuwa na orodha ya watakaobatizwa sikukuu ya Wafalme Watatu, na safari hii jina la mama lilikuwamo, kwa kuwa nilimsihi ajibu tu "Yusufu" na kumeza mengine. Padre akachukua kalamu, akalikata jina mbele yangu. Akasema sanamu zikirudi leo, ataliandika upya. Zisiporudi, mwizi hasogei kwenye kisima cha ubatizo, mwaka huu wala mwaka ujao.

Nilishuka mlima nikikimbia, koti linanikwaza. Mama alikuwa kizingitini anachambua mboga. Nikamweleza yote. Nilimwambia kwamba ule ukuta wa mawe utamfungia nje, kwamba mtoto atabaki peke yake, kwamba ni plasta tu, jamani, plasta na rangi. Aliendelea kuchambua mpaka nikaishiwa maneno.

"Kitovu hakijadondoka," akasema.

"Mama, cha plasta hakidondoki kamwe!"

"Basi tutangoja."

Nilimkasirikia mpaka nikaona giza. Kisha nikaona anachambua upya mchicha uleule aliokwisha kuuchambua, nikaelewa kwamba anajua kabisa anachokipoteza. Nikaelewa pia ni nani aliyemtoa mtoto mwingine nje kabla ya wakati. Nilikaa chini pale kizingitini nikalia, mwalimu wa dini mwenye koti.

Padre alikuja mwenyewe alasiri, na mwavuli, na mpishi wake, mtu wa pwani aliyependa kuona mambo. Wanawake watano walikuwa wamekaa kuziba mlango.

"Wanaume hawaingii," wakasema.

"Mimi ni padre."

"Ndiyo mbaya zaidi," akajibu bibi mmoja. "Wenzako wana wake wa kuwaambia miiko ya uzazi."

Mpishi akatabasamu, akataka kusaidia. "Mama," akaita kwa sauti, "siku za mwizi ni arobaini!"

"Zitanitosha," mama akajibu kutoka ndani.

Padre akafunga mwavuli, akasogea kwenye ukuta wa udongo, akaongea na ukuta. Mvua ilimpiga mgongoni. "Mama, unajua kwamba ile ni sanamu?"

"Najua, Padre. Wewe ndiye uliyewaambia watu waipigie magoti. Mimi nimeifunika nguo tu."

"Mungu hahitaji nguo. Mungu hahitaji moto."

Nilimsikia mama akikohoa, kisha akaja karibu na ukuta upande wake, hata nikadhani wanaweza kugusana bila ule udongo.

"Padre, mwanangu amenifundisha kwamba Mungu alikuwa mtoto kweli. Si kama nguo aliyovaa akavua; mtoto kweli, wa nyama. Kama amenidanganya, niambie, nitakurudishia sanamu yako sasa hivi, na mimi nitazikwa na wazee wangu. Lakini kama ni kweli, basi alisikia baridi. Na mimi mtoto anayesikia baridi simwachi tena mlangoni."

Padre alikuwa amesoma miaka kumi na miwili ya seminari, nami nilimwona akiipitia yote pale kwenye mvua, mmoja baada ya mwingine, akitafuta mlango wa kutokea. Hakuupata. Hapo nikafanya jambo la maana pekee nililolifanya katika kisa hiki. Nikasema, "Padre, kitabu chenyewe kinasema Maria alitoka na mtoto siku ya arobaini, akampeleka hekaluni. Sikukuu yake tunayo, ile ya mishumaa."

Akanitazama kwa chuki ya mtu aliyeokolewa na asiyempenda. Akahesabu kwa vidole vilivyolowa. Akauambia ukuta, "Siku ya arobaini, njoo naye. Tutazungumza." Akaondoka bila kufungua mwavuli.

Kwa hiyo mwaka ule misheni yetu ilisherehekea Noeli ya Yusufu, ng'ombe na punda. Sikukuu ya Wafalme Watatu ilipofika, wafalme wa plasta wakawekwa kama desturi, na kwa kuwa hapakuwa na mtoto, dhahabu na ubani vikawa mbele ya punda, ambaye hatimaye watu walianza kumheshimu. Waumini wakapita kumpa Yusufu pole. Mtu akamwekea tumbaku. Siku hiyo watu kumi na tisa walibatizwa, mama hakuwamo, na masika yalikuwa yanakaribia na kifua chake kilikuwa kimeanza kulia kama mlango mbovu. Alibaki ndani na Maria wake, akimpakaza mtoto mafuta ya nyonyo asubuhi na jioni.

Siku ya arobaini wanawake walipanda mlima kwa vigelegele na ngoma. Mama alitangulia, mtoto kifuani ndani ya kanga mpya, Maria nyuma juu ya machela. Padre alingoja mlangoni pa kanisa na mavazi yake meupe na mishumaa. Akafunua kanga. Mtoto alikuwa amegeuka rangi ya kahawia ya mafuta, anang'aa, na kichwa chake kilikuwa kipara kitupu.

"Nywele zake ziko wapi?" padre akauliza.

"Zile zilikuwa za tumboni, Padre. Tumezinyoa. Tumezifukia mgombani."

Walikuwa wameikwangua ile rangi ya manjano kwa wembe, kwa uangalifu sana, bila kumchubua. Mjomba, aliyekuja kama mwakilishi wa wajomba wa Maria wasiofika, akasema sasa anafanana na mtu. Padre akampokea yule mtoto kwa mikono miwili, na niliona jinsi alivyomshika shingo, kama anavyoshikwa mtoto ambaye shingo yake bado laini. Akampa sista, akachukua kitabu chake.

Mama akabaki nje ya kizingiti. Hakuna aliyemwambia kama anabatizwa au anahukumiwa, na mimi sikuthubutu kuuliza. Padre akafungua kitabu. Akasoma kwa Kilatini, halafu kwa Kiswahili, swali ambalo kila mtaka ubatizo huulizwa akiwa bado mlangoni: "Unaomba nini kwa Kanisa la Mungu?"

Niliikumbatia kengele yangu kwa furaha. Jibu lake ni neno moja tu, nami nilikuwa nimemfundisha miaka mitatu. Imani. Nikamnong'oneza mama, "Imani." Akageuka akanitazama, uso umelowa jasho la kupanda mlima, kisha akamgeukia padre.

"Mwanangu," akasema. "Yule mliye naye hapo nyuma ya kanisa."

Padre aliangalia kitabu, na mimi niliyekijua kitabu kile nilijua kwamba jibu hilo hamna. Akaweka kidole katikati ya kurasa, akakifunga kitabu. Halafu akajisogeza kando, akaacha mlango wazi.

"Pita, mama," akasema.